Si Mma Lariba Aliyeizima

Tolon,
Jumapili asubuhi

Kaka Wumpini,

Salamu kwanza, maana Mama alitufundisha kwamba hata anayekwenda kugombana hubisha hodi. Hujambo? Kazi ya Akra inaendeleaje? Wifi yangu Tiyumba mzima? Mtoto ameshapona ule upele wa miguuni? Nauliza kwa sababu nataka kujua, si kwa kutimiza desturi. Sisi huku wazima wa mwili. Baba kikohozi kimemwacha, Mama goti limepata nafuu na amerudi sokoni kuuza viungo vyake vya dawadawa. Mvua zimeanza vizuri, mahindi yamefika magotini. Hayo ndiyo mazuri, na yamekwisha. Sasa kaa chini.

Sikupigii simu. Simu ndiyo iliyotufikisha hapa. Barua hii nimempa Yidana dereva wa basi, nikamwapisha akukabidhi mkononi, na ndani ya bahasha utakuta waya mweusi uliokunjwa. Usiutupe kabla hujamaliza kusoma.

Nakuandikia kwa ajili ya Mma Lariba. Leo ni wiki mbili kamili tangu mke mdogo wa Baba afunge vyombo vyake na kurudi kwa kaka zake Savelugu, na kilichomtoa ni maneno yako. Baba amekuwa mtu wa kuangalia chini. Mama anapika ugali wa tuo zaafi unatoka mabongemabonge na hakuna anayethubutu kusema. Mimi nikikiona kigoda chake kitupu pale mlangoni nakasirika upya, kila siku, kama mtu anayelipwa kwa kukasirika. Nataka uje nyumbani umwombe radhi kwa mdomo wako. Hilo ndilo ombi la barua hii, na nimelitanguliza ili usije ukasema kwamba hukulielewa.

Nadhani hukujua hata kwamba ameondoka. Hukuuliza.

Unakumbuka ulivyokuja na ile mashine ya kutotolesha wakati wa kiangazi cha harmatani, ukakaa siku tatu, ukatueleza kwa mikono na macho kwamba mambo ya kuku kulalia mayai ya kanga yamepitwa na wakati. Ndani ya sanduku ukafunga kile kikompyuta chako kisichozidi kiganja, uchi bila hata kifuniko, ukasema hicho ndicho ubongo: kitapima joto, kitawasha na kuzima balbu, kitageuza mayai, na joto likizidi kitawasha feni. Na kila kitakapozimika na kuwaka upya, kitakutumia ujumbe Akra, ili hata ukiwa mbali uwe kama upo. Ukasema sanduku liwekwe kona ya ndani, mbali na vumbi, na kwa kuwa soketi iko mlangoni ukauvuta waya mita nne. Ukabandika karatasi ukutani kwa herufi kubwa: MTU ASICHOMOE. Ukitaka kuizima, bonyeza kwanza kitufe cheusi, ngoja taa ya kijani itulie, ndipo uchomoe.

Mma Lariba alicheka. Alizunguka sanduku mara mbili akauliza, "Lisilo na manyoya wala mdomo litakuwa mama wa nani hili?" Wewe ulinuna, mimi nilicheka. Lakini mvua zilipoanguka na kanga wakaanza kutaga, ni nani aliyeleta mayai mengi kuliko wote? Alileta sitini, akayapanga mwenyewe, akasema kazi ya mtoto wetu haiachwi ipoe. Mma Napari wa jirani na wanawake wengine wanne wakaleta mia moja na ishirini kwa pamoja. Siku ishirini na nane, ukasema, halafu mtaniambia.

Kuanzia siku ya kumi hivi mashine ikaanza kisirani. Balbu zilikuwa zinazimika mchana, dakika mbili au tatu, kisha zinawaka zenyewe. Mma Lariba ndiye aliyeliona, kwa sababu mchana mimi niko kwenye cherehani yangu barabarani, Mama yuko sokoni na Baba shambani. Kila jioni alitueleza: leo imezimika mara mbili, leo mara nne. Hiyo ilikuwa hisani yake. Alitulindia mashine ambayo hakuiamini, na ripoti zake hizo hizo ndizo zikaja kumfunga. Maana wewe ulikuwa unapokea ujumbe wako, na kila ukipiga simu ulikuwa unasema kwamba kuna mtu anaichezea soketi.

Halafu ikaja ile Jumamosi. Mashine ilikuwa imekufa kabisa, balbu zote giza, mayai baridi, na kwenye kikompyuta taa nyekundu peke yake imekodoa. Ya kijani haikucheza hata kidogo. Baba akakupigia, akaiweka simu juu ya kinu kile cha uani na sauti imefunguliwa, kwa kuwa wenye mayai wote walikuwa wamekuja na kila mtu alitaka kusikia. Natumai unayakumbuka maneno yako. Mimi nayakumbuka.

Ulisema, "Baba, rekodi hazidanganyi. Saa sita, saa saba, saa nane mchana. Kila siku saa hizo hizo. Mwulizane wenyewe, nani huwa nyumbani saa hizo?"

Hukumtaja jina. Hukuwa na haja. Watu wote wakageuka kumtazama, na Mma Napari, ambaye ulimi wake haujawahi kupata likizo, akasema kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba aliyezoea kuku atalipendaje sanduku. Mwingine akakumbusha kile kicheko cha harmatani. Na wewe huko kwenye simu ukaongeza, "Mimi sigombani na mtu, ila kama hamtaki maendeleo mseme." Kisha ukasema mayai yaliyopoa hayafai tena, yatupwe.

Mma Lariba alikuwa amesimama na kibuyu cha maji mkononi. Hakulia, hakuapa. Alisema tu, "Kama simu imesema, mimi ni nani?" Akanitazama. Kaka, alinitazama mimi, si Baba, si Mama. Kisha akaenda kwenye sanduku, akachagua mayai yake sitini kwa alama ya mkaa aliyoyatia, akayalaza kwenye beseni lenye pamba, akayafunika kwa kitambaa chake cha kichwa. Baba akasema kwa sauti ya chini kwamba labda ingekuwa vyema akapumzike kidogo kwa ndugu zake mpaka mioyo ipoe. Unajua maana ya kumwambia mke akapumzike. Kesho yake alfajiri aliondoka, beseni kichwani.

Mwanamke aliyekubeba mgongoni siku tisa ulipougua surua, Mama akiwa ametoka kunizaa mimi na hawezi kuinuka. Uliambiwa hadithi hiyo mpaka ukaichoka. Inaonekana uliichoka kabisa.

Mimi sikutulia. Alhamisi nikafungua sanduku, nikakitoa kikompyuta na nyaya zake zote, feni, chaja, kile kidude cha mtandao, na ile kadi ya kumbukumbu ya akiba uliyoibandika kwa gundi chini ya kifuniko cha sanduku, nikavifunga kwenye kitambaa cha fugu nikaenda Tamale kwa Danaa, yule anayetengeneza redio karibu na msikiti wa zamani. Unamjua, mzee mwenye mdomo. Aliponiona nikifungua kitambaa akauliza kama nimeleta kifaranga au maiti. Nikamwambia sijui, ndiyo maana nimekuja.

Danaa hafanyi haraka. Kwanza alitazama taa. Akanieleza kwamba nyekundu husema umeme umefika, ya kijani husema kinasoma kadi, na kwa hiyo chetu kimeshiba ila hakijui kusoma. Akaitoa kadi, akaisugua meno yake ya shaba kwa raba ya mwanafunzi, akairudisha. Nyekundu peke yake. Akatia kadi ya akiba. Taa ya kijani ikaanza kupepesa, mara moja, mbili, kisha haraka haraka, na mimi nikajikuta nimepiga makofi kama mjinga. Akasema kikompyuta ni kizima, kadi ya kwanza ndiyo iliyooza. Ilikatwa umeme katikati ya kuandika, kama mtu aliyenyang'anywa kalamu neno halijaisha. Akaniuliza kilizimikaje. Nikamwambia umeme ulikatika.

Hapo ningeweza kushukuru na kuondoka. Lakini nikamwambia habari ya saa sita, saa saba na saa nane. Danaa akaniangalia juu ya miwani yake, akaomba chaja. Nikampa. Akaigeuza, akasoma maandishi yake madogo, akacheka mpaka akakohoa. "Binti," akasema, "hii ni ya simu ya tochi. Mmemnyonyesha mtoto maji ya kunawia halafu mnauliza kwa nini hatembei?" Kisha akauona waya. Akauvuta wote, mita nne, akaupima unene kwa kucha. Kaka, mimi ni fundi cherehani. Hakuna anayehitaji kunieleza kwamba uzi wa kushonea hariri haushoni turubai. Nilikuwa nauona waya ule kila siku na sikuwahi kuufikiria.

Alichukua kipimo chake cha umeme. Pale kwenye chaja kikasoma volti tano na kidogo. Mwisho wa waya, kikompyuta kikiwa kinafanya kazi peke yake, kikasoma chini ya tano. "Sasa mpe feni," akasema, na akaweka bilauri yake ya chai ya moto karibu na kile kijidude cha kupimia joto. Joto likapanda, kikompyuta kikafikiri, kikawasha feni. Namba kwenye kipimo zikaporomoka mpaka nne na kidogo, taa nyekundu ikafifia, na pwaa, kikazimika chenyewe. Hakuna aliyekigusa. Mikono ya Danaa ilikuwa hewani, yangu ilikuwa mapajani. Baada ya muda kikawaka upya, feni ikaita tena umeme, kikazimika tena.

Umeelewa? Saa sita, saa saba, saa nane. Ndizo saa za jua kali za Tolon. Ndizo saa feni inapoamka. Danaa alikiunga kikompyuta kwenye televisheni yake, na pembeni ya kioo kikawa kinatokeza kialama kidogo cha radi, cha manjano. Danaa akasema hicho ni kilio, kikompyuta kinasema nina njaa. Akasema, na ninakunukulia neno kwa neno, "Ujumbe wa kaka yako unamwambia mashine imeamka. Haumwambii nani aliilaza."

Na sikiliza hili, maana hili ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Tulipokuwa tunarudia jaribio hilo mara ya tatu, saa tano asubuhi, Tamale, ndani ya kibanda cha Danaa, simu yangu ikalia. Ulikuwa wewe. Hukunisalimu. Ulisema, "Mandeeya, mmeiwasha? Naona hapa imezimwa mara tatu ndani ya nusu saa. Mwambie huyo mama aache kuchezea soketi, amekuwa mtoto?"

Huyo mama alikuwa Savelugu siku ya nne. Danaa alisikia kila neno, akatazama chai yake. Mimi nilikata simu. Ukasema baadaye kwenye ujumbe kwamba mtandao ni mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri sana.

Danaa aliuliza chaja yake halisi iko wapi, kwa kuwa kitu kama hicho huuzwa na chaja yake. Niliporudi nyumbani nililitafuta lile boksi ulilokuja nalo, Mama anatunzia vitunguu. Kwenye boksi pamechorwa chaja nyeupe, nene, waya wake mfupi umeota humo humo. Kwetu sijawahi kuiona. Nikakaa nayo kichwani siku nzima, nimeionea wapi, nimeionea wapi. Usiku nikafungua picha uliyotutumia siku ya Idi: wewe, Tiyumba na mtoto, mmevaa, mnapendeza. Nyuma ya bega lako la kushoto, ukutani, chini ya televisheni, chaja nyeupe. Uliitoa kwenye boksi letu ukaipeleka kwenye kitu chako cha kutazamia mpira. Ukatuachia ya simu ya tochi, na waya wa mita nne, kisha ukakaa Akra kuhesabu mara ngapi mashine inaanguka kwa njaa, na kila ilipoanguka ulimwandikia Mma Lariba kosa.

Ulijua au hukujua? Nimejiuliza sana. Kama ulijua, Mungu akusamehe. Kama hukujua, basi uliyesomea kompyuta miaka minne ulihitaji bilauri ya chai ya Danaa, na hilo nalo si dogo. Vyovyote vile ilikuwa rahisi kwako kumshuku mama mtu mzima kuliko kushuku mkono wako mwenyewe.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Savelugu. Nilibeba kokwa kumi na mbili za kola za kuombea radhi na nilibeba hasira yangu yote juu yako, nimeipanga vizuri njia nzima, ili nimwambie Mma Lariba kwamba haki yake imepatikana, kwamba ni feni, ni chaja, ni Wumpini. Nilimkuta anapepeta karanga. Kabla sijaketi nikasikia ile sauti, wii wii wii, na kutoka nyuma ya ghala wakatoka kuku wake wawili wa kulalia, na nyuma yao vifaranga vya kanga, vya milia, miguu kama njiti. Nilivihesabu. Arobaini na moja. Katika yale sitini uliyosema yatupwe. Yale mia na ishirini ya wenzake tuliyatupa kama ulivyoagiza, na yalipopasuka shimoni Mma Napari aliona vifaranga vilivyokuwa ndani, akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Mma Lariba alinipa maji. Nikanywa, nikamweleza yote, nikakutukana vya kutosha. Alisikiliza mpaka mwisho akiendelea kupepeta. Nilipomaliza akaniuliza jambo moja tu.

"Na siku ya ngurumo je?"

Kaka, hapa ndipo mkono wangu unapokuwa mzito.

Umeme haukukatika. Nilimdanganya Danaa, na hata wewe nimekuachia uongo huo hapo juu katika barua hii, ukurasa wa pili, kwa sababu nilikuwa bado sijapata ujasiri. Ijumaa ile, siku moja kabla ya mashine kukutwa imekufa, nilirudi mapema kutoka kazini kwa kuwa wingu lilikuwa limeshika upande wa mashariki. Unajua jinsi nyumba yetu inavyofanya ngurumo zikija. Tumelelewa hivyo: kioo kinafunikwa kanzu, redio inazimwa, sufuria za nje zinaingizwa, na kila kilicho ukutani kinachomolewa, bila kufikiri, kama mtu anavyofumba macho vumbi likija. Ile ya kwanza ilipiga karibu sana, ardhi ikatetemeka. Nikafunika kioo. Nikazima redio. Nikachomoa mashine. Karatasi yako ilikuwa mbele ya pua yangu na sikuisoma. Sikubonyeza kitufe, sikungoja taa. Nilichomoa tu.

Mvua ilipokwisha nikachomeka. Ikawaka nyekundu peke yake. Nikajiambia itaamka baadaye. Nikaenda kula. Ningesema jioni ile ile, Mma Lariba angeyatia mayai yote chini ya kuku wa mtaa mzima na yasingepotea hata kumi. Na Jumamosi ulipouliza kwenye simu nani huwa nyumbani mchana, watu walipogeuka wote upande mmoja, nilishukuru kwamba hawakugeukia upande wangu. Nilishukuru, Wumpini. Nimekulaumu kurasa nne na kila neno ni kweli, lakini nyani haoni kundule, na huku kwetu nyani tulikuwa wawili. Saa sita, saa saba na saa nane ni zako. Ile ya mwisho, iliyoua mayai, ni yangu.

Mma Lariba alikuwa mlangoni kwake siku ile, ameshika kitambaa cha kufunika kioo chake. Aliniona nikichomoa. Ndiyo sababu alinitazama pale uani.

Pale Savelugu nilimwuliza kwa nini hakusema. Nilikuwa nalia, na nilitegemea atasema jambo la huruma, kwamba alitaka kunisitiri. Hakusema hivyo. Aliweka ungo chini. "Ningesema nimemwona Mandeeya," akasema, "nani angeniamini? Wangesema mke mdogo anamsingizia mtoto wa mwenzake. Nilikutazama wewe, maana wewe ndiye uliyeweza kusema ukaaminika. Ukatazama miguu yako."

Jua lilipofika saa za chakula nikasikia nyungu inakorogwa ndani, harufu ya mboga ya ayoyo, ile anayoipika yeye. Nikangoja. Hakuniletea. Nilipoaga akanisindikiza mpaka njiani kama mgeni yeyote, akanirudishia kola zangu zote kumi na mbili, akasema bila ukali, "Maji ni ya mgeni. Chakula nilikuwa nampa mwanangu." Nilitembea mpaka kituoni sijui nimepita wapi.

Jumatatu nilimwomba Baba awaite wote walewale. Nikasimama pale pale alipokuwa amesimama yeye, karibu na kinu, nikasema. Nilisema yako na nikasema yangu. Mma Napari alianza kufungua mdomo, Mama akamwambia, "Wewe leo tafuna ulimi." Mama hajazungumza nami tangu siku hiyo isipokuwa kunituma. Baba naye alisema kwamba yeye ndiye mwenye nyumba na yeye ndiye aliyemwambia akapumzike, kwa hiyo tuko watatu. Jumatano akamtuma mdogo wake, Baba Sugri, aende Savelugu na kola na maneno, kama inavyotakiwa.

Kola zimerudi Alhamisi, kamili, hazijaguswa. Mma Lariba ameagiza hivi: aliaibishwa mbele ya watu na watu watatu, wawili wamekwisha kusema mbele ya watu hao hao, na wa kwanza bado. Aliyesema kwa simu aje aseme kwa mdomo. Yeye hana haraka, ana vifaranga.

Kwa hiyo njoo. Usitume pesa, usitume mtu, usitume ujumbe wa sauti. Kama utaniambia kazi haikupi ruhusa, nitakuuliza kama ilikupa ruhusa ya kusema siku ile. Waya huu ninaokurudishia uufunge kidoleni ukiwa kwenye basi, ili ukifika Tamale usijisahau ukaanza tena kutufundisha. Chaja nyeupe ukipenda ije, ukipenda ibaki itazame mpira. Danaa amekwisha kunitafutia nyingine, na nimejifunza kuifunga mwenyewe, waya mfupi, sanduku liko karibu na soketi. Mashine inawaka, feni inazunguka, kikompyuta hakizimiki hata saa nane. Ndani hamna hata yai moja. Hakuna anayetaka kuleta.

Baba anakusalimu na anasema uangalie afya yako. Mama anakusalimu, anasema mtoto apakwe mafuta ya shea, si hayo ya dukani. Baba Sugri anakusalimu. Hata Mma Napari anakusalimu, ingawa hakutumwa. Mpe Tiyumba salamu zangu za dhati, na mbusu mtoto kwa niaba yangu.

Mma Lariba nilimwuliza, siku ile njiani, kama ana salamu zozote za kukuletea. Akasema zipo, ila ni nzito kwa mimi kubeba, uje uzichukue mwenyewe.

Ni mimi dada yako, niliyechomoa,

Mandeeya